Mkebe Wangu wa Mvua Ugogoni

Kwanza nawaomba radhi wasomaji kwa mwandiko wangu. Herufi zangu zinalala upande, na yapo maneno ambayo mpaka leo sina hakika yanaandikwaje, na hapa nilipo hakuna wa kumuuliza. Nilisoma skuli ya serikali miaka minne tu. Wenzangu walipokuwa wamemaliza ukurasa, mimi nilikuwa bado napuliza wino wa mstari wa tatu. Naandika polepole, nanyi nisomeni polepole.

Sababu ya kuandika ni hii. Wenzangu wawili niliosoma nao pwani walinitumia salamu kwa mdomo wa mpagazi, wakasema wanasikia nimepata kazi ya kukaa tu. Nataka wajue nimekaa vipi.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nimelelewa na bibi yangu katika nyumba ya watu wawili, na sote wawili hatukuwa wasemaji. Tuliweza kukaa tangu adhuhuri mpaka jua kuchwa, yeye akishona kofia, mimi nikiparura kibao changu, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ana nini. Nilipomaliza skuli nilichaguliwa kwenda bara, nchi ya Wagogo, kupima mvua. Nilikuwa sijalala nje ya nyumba yetu hata siku moja.

Bwana mkubwa wa boma, Mdachi mrefu mwenye miwani, alinikabidhi mkebe wa bati wenye mdomo mpana juu na chupa ndani yake. Nisimamishe mkebe juu ya nguzo ya mti mahali peupe. Kila asubuhi jua likichomoza nitoe chupa, nimimine maji yake katika bilauri nyembamba yenye mistari, nihesabu mistari, niandike katika daftari. Kama hakuna maji, niandike sifuri.

"Andika kilichomo katika bilauri," aliniambia. "Usiandike unachofikiri. Kufikiri ni kazi yangu."

Kisha akanieleza jambo lililonifanya nikubali taabu zote zilizofuata. Daftari likiwa safi mpaka mwisho wa mvua, bila siku kurukwa wala mstari kufutwa, nitarudi pwani kuingia darasa la makarani. Likiwa chafu halina kazi, na darasa hilo sitaliona. Nilimwambia nimesikia. Bibi yangu amezeeka, na hakuna kitu nilichokitaka duniani kuliko kurudi kwake nikiwa nasomea ukarani.

Nikapelekwa kukaa kwa mzee mmoja upande wa Ihumwa, mwendo wa asubuhi mpaka alasiri kutoka boma. Mzee huyu alikuwa mpagazi wa misafara katika ujana wake, akafika pwani mara nyingi, kwa hiyo Kiswahili alikijua vizuri. Mkewe alikuwa na Kiswahili cha kuwauzia wasafiri unga, kinachotosha kwa mambo ya kila siku. Yakizidi hapo, mumewe alifasiri. Nyumba yao ni tembe, ndefu na fupi kwa kimo, imezunguka ua wa ng'ombe, na paa lake ni la udongo mzito. Siku ya kwanza niligonga kichwa mlangoni mara nne. Ndama na mbuzi wadogo hulala ndani pamoja na watu, yaani wazee hao wawili, wajukuu wao, na mimi.

Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia vizuri, halafu akaanza salamu zake mwenyewe. Aliuliza habari za mwili wangu, za njia, za kwetu, za ng'ombe wa kwetu. Nikasema kwetu hatuna ng'ombe. Akanyamaza kama mtu aliyepewa habari za msiba, kisha akaendelea kuuliza habari za mbuzi. Nilidhani tumemaliza, tulikuwa tumefika katikati. Na kila aliyepita njiani aliingia kumwamkia mgeni namna hiyo hiyo. Mtu mwenye haya huwa na maneno machache kwa siku. Yangu yalikwisha kabla jua halijapanda.

Nilivumilia moshi. Nilivumilia kulala juu ya ngozi ya ng'ombe karibu na ndama ambaye usiku alinilamba sikio. Mlenda ulinishinda kwa muda, maana unavutika kama uzi, na wakati nakata uzi huo kidevuni watu wote wanaacha kula wanitazame.

"Anakula kama kuku aliyefukuzwa," mama alimwambia mumewe kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie.

Lakini lililonichosha kuliko yote ni kwamba katika nyumba ile mtu hawezi kukaa peke yake. Nikienda nyuma ya nyumba nikakaa chini ya ukuta wenye kivuli, haipiti muda mama anakuja.

"Umekasirika?"

"Sijakasirika, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi umekumbuka kwenu."

"Nataka kukaa tu, mama."

"Haya, tukae." Na yeye anaketi kando yangu na ungo wake wa uwele, anapeta, makapi yananiingia machoni. Punde anakuja mzee, anakuja na jirani, na salamu zinaanza tena.

Nilipoandika ilikuwa mbaya zaidi. Walinizunguka kutazama kalamu. Mzee alikuwa akiwaeleza wageni, "Huyu anaandika tangu mbuzi yule ana mimba. Mbuzi amezaa, mtoto anakimbia, na yeye hajamaliza mstari." Watu walicheka, nami nikakosea herufi. Siku moja ndama alilamba jalada la daftari, nikalikausha juani. Tangu siku hiyo nililitia katika mfuko wa ngozi, nikautundika juu kabisa kwenye boriti.

Sasa niseme habari za mkebe. Niliusimamisha mbele ya nyumba, penye uwazi, nikauzungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Wiki ya kwanza niliandika sifuri kila siku, maana mvua za huku huanza karibu na Desemba na sisi tulikuwa bado Novemba. Asubuhi moja nikakuta konzi ya njugu mawe mdomoni mwa mkebe. Nikadhani ni watoto, nikazitupa. Kesho yake zilikuwamo tena, nyingi zaidi. Keshokutwa nilipovuta chupa ilikuwa imejaa maziwa mgando.

Niliisugua chupa ile kwa mchanga, nikaisuuza kwa maji yangu ya kunywa, na harufu haikutoka. Nikaingia uani nikapandisha sauti, jambo ambalo sikumbuki kulifanya pwani.

"Nani ametia maziwa katika mkebe wa serikali?"

Mama alikuwa akisaga. Aliinua macho bila hofu yoyote. "Mimi. Yaliganda vizuri?"

"Yameharibu chupa, mama."

"Mkebe huo ulikuja nao wewe?"

"Nilikuja nao."

"Mpaka nyumbani kwangu?"

"Ndiyo."

"Basi ni chombo cha mgeni," akasema, akarudi kusaga.

Mzee alikuwa ameegemea nguzo, anacheka kifuani. Alinieleza kwamba kwao chombo alichokuja nacho mgeni hakikai kitupu katika nyumba ya watu. Kikiwa kibuyu, kikiwa mfuko, mwenye nyumba lazima atie kitu ndani, hata kama ni kidogo. "Na wewe," akasema, "umekipandisha chombo chako juu ya mti mbele ya mlango wetu. Kila apitaye anakiona, anachungulia, ni kitupu. Watu wanasema mgeni wetu anakaa na njaa mpaka ameanza kuomba mbinguni. Mke wangu anaona haya kwenda kisimani."

Nilimwomba amfasirie mkewe vizuri. Nikasema mkebe ule hauli njugu wala maziwa. Chakula chake ni maji peke yake, maji ya mvua. Ukipata, mimi nafurahi na naandika. Usipopata, naandika sifuri.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno kwa Kigogo.

"Anauliza," akasema mzee, "usipopata, unapigwa?"

Ningesema hapana, mambo yangekwisha pale. Lakini nilikuwa nimechoka na mikono yangu inanuka maziwa. Nikasema, "Sipigwi. Lakini usipopata siku zote, nimekuja huku bure."

Mama akaniangalia kwa muda mrefu. Maziwa hayakutiwa tena, wala njugu, nami nikajisifu moyoni kwamba mara moja nimesema na nimesikilizwa.

Desemba ikaingia bila wingu. Watu walikuwa wamekwisha kupanda kavu, yaani wametia mbegu ardhini wakiingoja mvua, na mbegu ilikuwa ikiliwa na mchwa na ndege. Maji ya nyumba yalitoka korongoni, katika shimo lililochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu. Wanawake waliondoka kungali giza la alfajiri, wakakaa ukingoni kungoja maji yachuruzike, wakayachota kwa kata ndogo, wakarudi jua likichomoza na mtungi usiojaa. Mimi nilikuwa napewa kata moja ya kunawa uso, na niliona haya kuitumia.

Kila asubuhi mama alipita karibu yangu nikiwa mbele ya mkebe. "Umepata?"

"Haujapata, mama."

Anaguna, anaingia ndani.

Kisha siku moja nilivuta chupa nikasikia maji yanachezacheza. Nilimimina katika bilauri, nikahesabu mistari mitatu. Nilitazama ardhi nikaiona kavu, lakini nikajiambia ardhi ya huku hunywa maji kabla hujageuka, na chini ya paa lile la udongo mtu hawezi kusikia manyunyu ya usiku. Nikaandika tatu. Ilikuwa tarakimu yangu ya kwanza isiyo sifuri, na niliipamba kidogo.

"Umepata?" mama akauliza.

"Umepata, mama."

"Umefurahi?"

"Nimefurahi sana."

Akacheka, akaingia ndani na mtungi wake. Siku ile mlenda haukunishinda.

Siku tano baadaye nilipata mistari miwili, kisha minne, kisha mmoja. Kwa wiki tano nilipata maji mara nane. Nilimuuliza mzee kama amesikia mvua usiku. Akasema yeye usiku hulala. Nilitazama mashamba, vumbi tupu. Mara mbili nilisimama na kalamu mkononi, moyo unakataa. Lakini bwana mkubwa alikuwa ameniambia nisifikiri, na mimi nikaona raha kutofikiri. Kila wiki nilinakili ukurasa, kazi iliyonichukua siku mbili, nikampa tarishi wa boma. Daftari lilikuwa halina doa. Nilianza kuota nimekaa katika darasa la makarani.

Katikati ya Januari jumbe, mkubwa wa kijiji chetu, aliwaita wazee. Jioni mzee wangu alirudi, akaketi uani, akavua viatu vyake vya ngozi, akakung'uta vumbi, akanywa togwa. Kisha akaniita.

"Mwanangu, lete kitabu chako."

Nikakileta.

"Jumbe alipeleka watu boma kuomba mbegu, kwa sababu zetu zimeliwa. Vijiji vya upande wa pili vimepewa. Sisi tumenyimwa. Wameambiwa, ninyi mnataka mbegu za nini, na mvua imenyesha kwenu mara nane? Imeandikwa." Akaweka kidole chake kigumu juu ya jalada. "Nimekuja kuuliza tu. Hiyo mvua ilinyesha wapi? Nami nikaoge."

Watu uani wakacheka. Sikucheka. Nilisema mimi naandika kilichomo katika bilauri.

"Sijakuita mwongo," akasema. "Nauliza njia ya kwenda huko."

Alfajiri iliyofuata niliamka mapema, nikasimama nyuma ya zizi, mahali ninapouona mkebe. Mbingu ilikuwa na nyota mpaka chini. Kulipoanza kupambazuka wanawake walirudi kutoka korongoni kwa mstari, mitungi kichwani. Mama alikuwa wa mwisho. Wenzake walipita, yeye akasimama penye miiba yangu, akatua mtungi, akachota kwa kata, akanyanyuka kwa vidole vya miguu, akamimina kidogo, kwa uangalifu sana, asimwage hata tone. Kisha akafuta mdomo wa mkebe kwa kiganja.

Nilitoka. Sijui nilikuwa na sura gani, maana alishtuka akashika mtungi.

"Mama, unafanya nini?"

"Nalisha mkebe wako."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema unakula maji."

"Nilisema maji ya mvua. Ya mvua, mama."

"Na mimi niliingoja mvua," akasema. "Niliingoja siku nyingi. Haikuja. Na wewe kila asubuhi unachungulia, unatikisa kichwa, unaandika polepole kama mtu anayeandika kifo. Nikupikie wewe, kisha nikuache hivyo?"

Maji aliyoyamimina yalikuwa maji ya kunywa ya wajukuu wake, aliyoyakalia korongoni tangu giza. Nilitaka kumgombeza na nilitaka kulia, na nilichofanya ni kuuchomoa mkebe kutoka kwenye mti, nikasimama nao tu kifuani.

Mzee alisikia sauti, akaja akijifunga shuka. Alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini. "Waganga wote wa nchi hii, wenye mawe yao ya kuita mvua, wameshindwa," akasema, "na mke wangu ameinyesha mara nane kwa kata."

"Saba," akasema mama.

"Nane," nikasema. "Nimeandika nane."

Akasema tena saba. Ikabidi tukae. Nilishusha daftari kutoka boritini, nikasoma kila siku niliyoandika mvua na ni siku ngapi zilizopita, mzee akamfasiria, na yeye akakumbuka. Hii ni yake, siku ile shimo lilijaa vizuri. Hii yake, yalimmwagikia kidogo mkononi. Hii yake. Tulipofika ule mstari mmoja wa kabla ya mwaka kwisha, akatikisa kichwa.

"Hiyo si yangu. Nilikuwa na homa, sikwenda korongoni."

Mzee akalitazama daftari kwa heshima mpya. "Basi hiyo ilikuwa mvua," akasema.

Mstari mmoja. Hautoshi kulowesha kofia.

Nadhani mnaona nilipokuwa nimesimama. Nikifuta siku saba, daftari chafu, darasa basi. Nikinyamaza, daftari safi, na mbegu haziji. Sitasema uongo, nilinyamaza siku mbili. Nilitumaini mtu wa nyumba ile ataniomba, ataniangukia, atanitukana, nipate la kujibu. Hakuna aliyesema lolote. Mzee aliniambia, "Mambo ya kitabu ni yako," akaenda kurekebisha zizi. Mama aliendelea kuniletea chakula, na aliniomba msamaha kwa maziwa, kwa sababu kosa la maji hakuliona kuwa ni kosa. Wale watu walionifuata kila kona, walioniuliza habari za mbuzi nisio nao, siku hizo mbili waliniacha peke yangu. Nilikaa chini ya ukuta wangu wenye kivuli na sikupata raha hata kidogo.

Siku ya tatu nilichukua kalamu, nikapiga mstari juu ya tarakimu saba, moja moja. Kwa mara ya kwanza niliandika haraka, na wino ulimwagika.

Nilikwenda boma na mzee. Nilimwambia naweza kwenda peke yangu, akasema mtoto wa nyumba haendi kusema kosa peke yake, akabeba na kuku. Njia nzima nilipanga maneno, na yeye njia nzima aliwaamkia watu.

Karani wa boma, mtu wa Bagamoyo mwenye kanzu iliyopigwa pasi, alinitambua. "Wewe ndiye wa mvua? Sisi huku tunakula vumbi, kwako masika. Tulikuwa tunataka kuhamia."

Bwana mkubwa alifungua daftari juu ya meza, akageuza ukurasa, akarudi.

"Nani amefuta?"

"Mimi, bwana."

"Kwa nini?"

Maneno yote niliyoyapanga yalipotea. Mzee akaona nimekwama, akasonga mbele. "Bwana, mvua hiyo ni ya mke wangu."

Karani akageukia dirishani, mabega yanatikisika. Ikanibidi niseme. Nilisema polepole, kuanzia njugu mpaka kata ya mama, bila kumtazama mtu usoni. Mwisho nikasema kosa si la mwanamke yule, ni langu, kwa kuwa niliiona ardhi kavu nikaandika mvua.

"Nilikwambia usifikiri," akasema bwana mkubwa.

"Ndiyo, bwana."

"Sikukwambia usitazame chini."

Akafunga daftari. Alimwamuru karani aandike karatasi ya mbegu kwa jumbe, kisha akatoa daftari jipya sandukuni. Hili la zamani haliwezi kupelekwa popote, akasema. Nitaanza upya mvua za mwaka ujao. Kama nikitaka, nimalizie mwaka huu kwa mazoezi. Darasa la makarani atapelekwa mwingine.

"Nyumba ni ile ile?" akauliza.

Wasomaji, nilikuwa nimeliweka tayari jibu la swali hilo tangu mwezi wangu wa kwanza huku. Nyumba nyingine, bwana, hata ya mtu mmoja, hata ya bubu. Lakini mzee alikuwa amesimama kando yangu na kuku wake kwapani, anatabasamu, anangoja nimsifu. Nikasema ile ile.

Nje karani alinishika mkono. "Ungenyamaza," akasema, "Mei ungekuwa pwani." Nilijibu najua. Na najua mpaka leo, wala sitaki mtu anikumbushe.

Mbegu zilikuja pungufu na zimechelewa, lakini zilikuja, na watu wakapanda. Mvua ya kweli ilinyesha siku nne baadaye, ikavuja juu ya ngozi yangu ya kulalia, na asubuhi nilihesabu mistari thelathini na mmoja katika daftari lisilo na kazi. Mama alipoambiwa kwamba nitakaa mwaka mwingine, aliuliza mara mbili kama ni kweli, kisha akaita wanawake wa jirani waje kumwamkia upya mgeni. Kuhusu mkebe tumepatana. Nimemwambia ule ni wa serikali, chombo changu halisi ni kibuyu kidogo alichonipa mwenyewe, na nimekitundika pale pale wapita njia wanapokiona. Kila siku anakijaza njugu, na kila siku lazima nizimalize mbele yake. Nimezichoka hata harufu.

Barua kwa bibi yangu ya kumweleza haya bado sijaimaliza. Nimeianza mara tatu, na kila mara mzee ananiuliza nimefika wapi.

Basi nawaomba, ninyi mliopelekwa bara kama mimi mkakaa katika nyumba za watu, niandikieni. Niambieni mnawaambiaje wenyeji wenu kwamba mnataka kukaa peke yenu kwa muda mdogo tu, bila wao kuona mnawachukia. Nimejaribu maneno yote niliyo nayo. Mpeni barua tarishi wa boma, atanifikishia. Lakini mjue kwamba mzee hakubali karatasi isomwe kimya, itasomwa kwa sauti uani na kufasiriwa. Kwa hiyo andikeni kwa adabu, na kabla ya kunijibu mimi muwaamkie wote, na muwaulize habari za ng'ombe.